Imeli Zinachelewa Mlangoni: Tupime Kabla ya Kulaumiana



Leo tunaongelea jambo ambalo wengi wanaliona dogo: imeli inayochelewa. Hatusemi ile iliyopotea kabisa, wala ile iliyoandikwa anwani vibaya. Tunasema imeli halali, imeandikwa sawasawa, imetumwa kwa wakati, halafu inakaa njiani dakika 10, nusu saa, siku nyingine masaa, na hakuna anayejua iko wapi. Msimamo wetu ni huu: sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa namna hii ina sababu inayojulikana, na unaweza kupimwa. Kwa hiyo ofisi isimfungie kijana mlango kwa sababu yake. Na sisi vijana tusikimbilie kusema "wametubagua" kabla hatujapima.

Dakika 20 hazina uzito mmoja

Mtu aliye ofisini ana kompyuta mezani, umeme upo, intaneti haikatiki. Namba ya kuthibitisha ikichelewa dakika 20, anakunywa chai, anarudi, anaikuta. Sisi je? Kwenye kituo cha kompyuta tunapeana zamu. Saa yako ikiisha unasimama, mwenzako anakaa. Mwingine amenunua bando la siku kwa pesa ya mboga, akatembea mpaka kule juu ambako netiweki inashika. Namba inakuja akiwa ameshashuka. Akirudi kesho anakuta imeandikwa kwamba inatumika dakika 15 tu. Imekufa tangu jana.

Mwenzetu mmoja alijaza fomu ya ufadhili wa masomo akitumia anwani ya kikundi, ile ya kwenye tovuti yetu wenyewe. Fomu ikasema: tumekutumia namba, iandike hapa. Akasubiri. Hakuna. Akabonyeza "tuma tena." Hakuna. Akabonyeza mara ya tatu, ya nne. Baadaye namba zikaingia zote kwa mkupuo, na kila aliyoijaribu ikakataliwa, maana kila ukiomba namba mpya ile ya zamani inafutwa, na ile ya mwisho nayo muda wake ulikuwa umeshapita. Zamu yake ikaisha.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hicho ndicho kinachotuuma kuliko namba yenyewe. Jioni hiyo maneno yakazunguka: "Fomu ile ni ya wenye watu wao ndani." Kesho yake akatokea mtu wa kusema anajua njia ya kuharakisha, leta kitu kidogo. Jamani, hivyo ndivyo utapeli unavyozaliwa kambini. Mahali ambapo hakuna maelezo, kuna anayeuza maelezo.

Orodha ya kijivu ni kitu gani?

Wengi mmesikia orodha nyeusi: aliyeandikwa humo anafukuzwa. Orodha nyeupe: aliyeandikwa humo anapita. Katikati kuna orodha ya kijivu, mafundi wanaiita greilisti. Njia hii ilielezwa na Evan Harris mwaka 2003, wakati barua taka zilikuwa zinafurika kwenye seva za dunia nzima.

Inafanya kazi hivi. Seva inayopokea inaangalia vitu vitatu: imeli inatoka kwenye kompyuta gani, mtumaji ni nani, na mpokeaji ni nani. Kama hao watatu haijawahi kuwaona pamoja, haikatai moja kwa moja. Inajibu kwa namba ya 450 au 451, maana yake: sasa hivi siwezi, jaribu tena baadaye. Seva halali ikiambiwa hivyo inaiweka barua kwenye foleni, inarudi baadaye. Programu nyingi za kumwaga barua taka, hasa za miaka ile, zilikuwa hazirudi. Zinapiga hodi mara moja, zikikosa zinaenda nyumba nyingine.

Ni kama mama mwenye nyumba anayesikia hodi usiku. Hakuambii ondoka. Anakaa kimya aone kama utagonga tena. Mwizi anaogopa, mgeni wa kweli anagonga tena. Tatizo ni kwamba mgeni wa kweli naye amesimama nje kwenye mvua.

Ukishapita mara moja, seva inakukumbuka. Kwenye pendekezo la Harris, mgeni mpya anasubiri saa 1, na akishakubaliwa anakumbukwa siku 36. Programu moja inayotumika sana, Postgrey, kwa mpangilio wake wa kawaida inamsubirisha mgeni sekunde 300, yaani dakika 5, halafu inamkumbuka siku 35. Kwa hiyo imeli ya kwanza ndiyo inayoumia. Ya pili na ya tatu zinapita bila shida.

Sasa jiulizeni: ni nani katika maisha yetu anayetuandikia mara ya kwanza? Chuo ambacho hatujawahi kukiandikia. Ofisi mpya ya ufadhili. Mfumo unaotuma namba ya kuthibitisha. Mwajiri aliyeona maombi yetu. Anayewasiliana na watu walewale kila siku, orodha ya kijivu haimgusi. Inamgusa anayetafuta mlango mpya, na sisi kutafuta mlango mpya ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Dakika 5 zinavyokuwa nusu saa

Hapa pana jambo ambalo hata wafanyakazi wengi hawalijui. Fundi wa ofisi atakuambia, "Sisi tunasubirisha dakika 5 tu." Ni kweli, lakini dakika 5 ni muda wa mlango kufungwa. Ni lini mgeni atarudi kugonga, hilo si la mwenye mlango. Ni la seva inayotuma.

Kila programu ya kutuma ina ratiba yake. Postfix, kama haijabadilishwa, inaweza kurudi baada ya dakika 5 hivi, na ikikataliwa inazidi kuchelewa kurudi, mpaka kufikia zaidi ya saa 1 kati ya jaribio na jaribio. Exim, kwa mpangilio wake wa kawaida, inarudi kila dakika 15 kwa masaa 2 ya kwanza, halafu inapunguza mwendo. Na kanuni yenyewe ya kutuma barua pepe kwenye intaneti, ile ya mwaka 2008 inayoitwa RFC 5321, inasema muda wa kusubiri kabla ya kurudi kwa kawaida uwe angalau dakika 30, na seva isikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5.

Kwa hiyo mlango uleule wa dakika 5 unaweza kukupa imeli baada ya dakika 6, 15 au 30, na hakuna aliyevunja kanuni. Barua pepe haikutengenezwa kuwa ya papo hapo. Watu waliizoea hivyo, wakajenga juu yake vitu vinavyohitaji haraka, kama namba za dakika 15.

Kuna lingine. Kampuni kubwa zinazotuma imeli nyingi zina seva nyingi. Jaribio la kwanza linatoka kwenye kompyuta moja, la pili kwenye nyingine. Seva inayopokea, kama ni kali, inaona mgeni mwingine kabisa na inaanza kuhesabu upya. Ni sawa na ndugu watano wa nyumba moja waliotumwa barua ileile: kila mmoja akigonga anaambiwa, wewe sikujui, subiri. Ndiyo maana seva zilizopangwa vizuri haziangalii kompyuta mojamoja, zinaangalia mtaa mzima wa anwani. Postgrey inafanya hivyo yenyewe. Zilizopangwa vibaya ndizo zinazogeuza dakika kuwa masaa.

Jinsi ya kupima

Kupima hakuhitaji digrii. Kila imeli ina maandishi ya juu ambayo kwa kawaida yamefichwa. Ukitumia Gmail, fungua kwa kivinjari siyo kwa programu ya simu, chagua kuona barua asili. Utakuta mistari inayoanza na neno Received. Kila seva iliyopokea barua inapiga muhuri wake na saa. Muhuri wa kwanza uko chini, wa mwisho uko juu, kwa hiyo soma kutoka chini kwenda juu. Pale ambapo kati ya muhuri na muhuri pana pengo kubwa, hapo ndipo barua ililala.

Angalieni saa vizuri, maana zinadanganya macho. Tuseme muhuri wa kwanza ni 14:02:10 +0300, wa pili ni 11:09:40 +0000. Mtu anaweza kusema barua ilifika kabla haijatumwa! Hapana. Kenya, Uganda na Tanzania ziko masaa 3 mbele ya saa ya dunia, ndiyo maana ya +0300. Malawi, Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo ni +0200. Saa 11:09:40 ya dunia ni 14:09:40 ya kwetu Afrika Mashariki, yaani saa nane na dakika tisa mchana. Barua ilichelewa dakika 7 na sekunde 30. Na hapohapo mjue: tangazo likisema mwisho ni saa 23:59 ya dunia, kwa mtu wa Kakuma ni saa nane na dakika hamsini na tisa usiku, tarehe inayofuata.

Wakati mwingine seva inakiri yenyewe. Postgrey huwa inaongeza mstari wa X-Greylist unaosema barua ilicheleweshwa sekunde ngapi. Ukiuona huo, ubishi umeisha.

Kama huna mstari huo, fanya jaribio rahisi. Tuma barua kwa mtu mmoja ambaye anwani yako haijawahi kumwandikia. Ikishafika, tuma ya pili palepale. Kesho tuma ya tatu. Kama ya kwanza ilichelewa na nyingine mbili zikafika haraka, hiyo ni dalili kubwa ya orodha ya kijivu. Kama zote tatu zimechelewa sawasawa, tafuteni sababu nyingine.

Na kwenye kuhesabu, msidanganywe na wastani. Mfano wa kufikiria: barua tano zimechelewa dakika 6, 7, 8, 31 na 248. Ukijumlisha ni 300, ukigawa kwa tano unapata dakika 60. Lakini hakuna barua hata moja iliyochelewa dakika 60! Zipange kwa mstari uchukue ya katikati: 8. Hiyo inaeleza siku ya kawaida. Halafu taja na ile mbaya kabisa, 248, kwa sababu aliyeipata hiyo ndiye aliyekosa shule. Ripoti ya ofisi inayotoa wastani peke yake inamficha huyo mtu.

Jambo la mwisho la kupima: barua ambayo haikufika haina muhuri wowote kwa mpokeaji. Ukipima zilizofika tu, utasema mambo ni mazuri. Kwa hiyo lazima anayetuma naye awe na daftari: nimetuma kwa nani, tarehe gani, saa ngapi. Daftari mbili zikae pamoja.

Tuwe wa haki pia

Hatuandiki kusema orodha ya kijivu ifutwe. Hapana. Sisi tunajua barua taka zinafanya nini kambini. Zile imeli za uongo za kuhamishiwa nchi ya tatu, "lipa ada ufunguliwe faili," zimekula pesa za watu wetu. UNHCR imesema mara nyingi kwamba huduma zake hazilipiwi, lakini mtu mwenye shida anaamini. Chujio lolote linalopunguza takataka hizo linatusaidia na sisi. Na kwa shirika dogo au kikundi cha vijana kisicho na pesa, orodha ya kijivu ni kinga rahisi, haihitaji mashine kubwa.

Pia siyo kila ucheleweshaji unatoka huko. Mara nyingine barua ilikaa kwenye simu yako mwenyewe kwa sababu bando liliisha. Mara nyingine imeanguka kwenye sanduku la spamu na hakuna aliyelifungua. Mara nyingine kiambatisho ni kizito mno. Gmail inaishia MB 25. Ndiyo maana tunasema tupime. Mihuri haina upande. Inaweza kuonyesha seva ya ofisi ilikusubirisha, na inaweza kuonyesha ulituma saa sita usiku imepita.

Kuna watakaosema: mgao wa chakula umepunguzwa, nyinyi mnaongea seva? Tunaongea yote. Lakini fomu ya shule, kazi ya mtandaoni, miadi ya mahojiano, vyote siku hizi vinapita kwenye imeli. Aliyehamishia huduma zake kwenye intaneti asituambie intaneti ni jambo dogo.

Tunachoomba kwa mashirika na vyuo

Kwanza, namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa imeli idumu angalau saa 1. Na mtu akibonyeza "tuma tena," mtumieni namba ileile mpaka muda wake uishe, msimuue ya kwanza kwa sababu ya ya pili. Kama mnaogopa usalama wa saa nzima, wekeni kikomo cha mara ngapi mtu anaweza kukosea. Hilo linazuia mwizi bila kumfungia mwenye haki.

Pili, tarehe ya mwisho isihesabiwe kwa saa ambayo barua iliingia kwenye sanduku lenu. Hesabuni kwa muhuri wa seva ya kwanza iliyoipokea kutoka kwa mwombaji. Saa ya simu ya mtu inaweza kuchezewa, lakini muhuri wa kampuni ya barua pepe inayojulikana mwombaji hawezi kuuandika upya kirahisi. Kama kusoma mihuri ni kazi nyingi, basi toeni siku 1 ya huruma kwa wote, muiandike wazi kwenye tangazo.

Tatu, sanduku linalopokea maombi liondolewe kwenye orodha ya kijivu wakati wa maombi. Ofisi nyingine zina sanduku moja la kupokea wageni na wanaliwekea mlinzi anayezuia wageni. Hiyo inaeleweka kweli? Kama haiwezekani, punguzeni muda. Mwongozo wa mafundi kuhusu jambo hili, RFC 6647 wa mwaka 2012, unapendekeza kwamba anayerudi baada ya dakika 1 tu aweze kukubaliwa, na mlango uendelee kumngoja mpaka masaa 24. Anayerudi baada ya masaa 5 asianze upya kama mgeni.

Nne, tumeni jibu la moja kwa moja: "tumepokea barua yako saa fulani." Mstari mmoja tu. Unakata fununu zote, na yule muuza haraka anakosa wateja.

Tunachojidai sisi wenyewe

Tusibonyeze "tuma tena" kama tunapiga ngoma. Bonyeza mara moja, subiri, angalia na sanduku la spamu. Kama zamu yako inaisha, mwambie msimamizi wa kituo mapema. Vituo navyo viruhusu mtu anayesubiri namba arudi dakika 5 bila kupanga foleni upya.

Unataka kuomba chuo? Siku 3 kabla, tuma barua fupi ya salamu kwa anwani hiyohiyo, ukitumia anwani ileile utakayoombea. Uliza swali dogo la kweli. Ikiwa pale kuna orodha ya kijivu, barua hiyo ndiyo itakayosubiri mlangoni, na mara nyingi maombi yako yatakuta unajulikana. Siyo dhamana, maana kampuni kubwa zinabadilisha seva, lakini haikugharimu kitu.

Vikundi vyenye tovuti yao, muulizeni aliyewauzia nafasi ya tovuti: orodha ya kijivu imewashwa? Kwenye cPanel ipo sehemu ya kuiwasha na kuizima. Msimamizi wa kikundi ajue, asisubiri mwanachama akose nafasi ndipo aulize.

Na yeyote anayekuomba pesa ili imeli yako "ifike haraka," mjue hawezi. Hana ufunguo wa foleni ya seva ya mtu mwingine. Hakuna mtu kambini aliye nao.

Mwezi huu tunaanza daftari. Safu tano tu: tarehe, nimetuma saa ngapi, imefika saa ngapi, ilikuwa barua ya kwanza kwa mtu huyo au siyo, na pengo lilikuwa kati ya muhuri upi na upi. Msiweke majina wala maneno ya barua, hayo ni ya mtu binafsi. Kila kambi ichague mtu mmoja wa kukusanya. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, na nyinyi jazeni upande wenu, maana nusu ya jibu iko kwenye seva zenu. Zikifika barua za kutosha tutakaa mezani pamoja nanyi, na kwa mara ya kwanza hatutakuja na malalamiko matupu. Tutakuja na saa zilizoandikwa.